MWALIMU WA WAALIMU: HABARI ZA MAISHA YA AUGUST HERMANN FRANCKE WA HALLE (1663–1727)



Katika kurasa hizi tumezoea kuwaletea habari za watumishi wa Mungu wa zamani, si kwa kuwasifu wanadamu, bali ili tuone jinsi Bwana alivyowatumia watu dhaifu kwa kazi kubwa. Mwezi huu twawaletea habari za August Hermann Francke, mchungaji wa Kilutheri katika mji wa Halle, nchi ya Ujerumani. Wengi wamelisikia jina lake kwa sababu ya nyumba yake ya yatima. Lakini iko kazi yake nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kuwatengeneza waalimu, na hasa kuwatengeneza ili wawafundishe watoto wasiofanana, tena wawafundishe pamoja na Neno la Mungu elimu ya hesabu na ya vitu vilivyoumbwa.

Kila mwalimu mpya aijua shida hii. Aingia darasani siku ya kwanza na somo lake mkononi, akidhani watoto wote ni wamoja. Kabla ya juma kwisha ameona ya kuwa huyu alifahamu kabla ya kuambiwa, na yule hajafahamu hata baada ya kuambiwa mara nne. Huyu ametoka nyumbani ameshiba, na yule hakula tangu jana. Huyu baba yake ana vitabu, na yule hajapata kushika kitabu. Afanye nini? Akienda mbio pamoja na wenye akili nyepesi, huwaacha wengine njiani. Akiwangoja wa nyuma, wa mbele hulala. Francke aliiona shida hii zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, naye hakuinyamazia.

1. UTOTO WAKE

Alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 1663 katika mji wa Lübeck, ulio karibu na bahari ya kaskazini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa sheria. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu, jamaa yote ilihamia mji wa Gotha, kwa kuwa baba aliitwa kumtumikia Mtawala Ernst, ambaye watu walimpa jina la Mcha Mungu.

Huyo Ernst aliitawala nchi ndogo iliyokuwa imeharibiwa na vita vya miaka thelathini. Aliona ya kuwa watu wake hawatainuka kwa kujenga maboma tu, bali kwa shule. Mwaka 1642 ilitolewa kanuni ya shule kwa nchi yake, iliyotungwa na mwalimu Andreas Reyher, na baadaye, mwaka 1657, Reyher akatoa kitabu kidogo cha kuwafundisha watoto wa kawaida habari za vitu vya asili. Hata mtoto wa mkulima alipaswa kujua kusoma na kuhesabu, na kujua kidogo habari za jua na mwezi, za mimea na wanyama, na za vipimo. Katika nchi ya namna hiyo Francke alikua. Twaamini ya kuwa mbegu ilipandwa hapo, ingawa mwenyewe alikuwa bado mtoto.

Mwaka 1670 baba yake akafa, na Francke alikuwa na miaka saba tu. Basi alijua tangu udogo maana ya kuwa yatima, ijapokuwa jamaa zake hawakuwa maskini. Dada yake Anna alimpenda sana na kumzoeza kusoma Biblia na kuomba.

2. ELIMU NYINGI NA MOYO MTUPU

Kijana huyu alikuwa na akili nyingi. Alisoma katika vyuo vikuu vya Erfurt na Kiel, kisha akaenda Hamburg kujifunza Kiebrania kwa mwalimu mashuhuri, Esdras Edzard. Mwaka 1684 alifika Leipzig, na mwaka uliofuata akapewa cheo cha kufundisha. Mwaka 1686 yeye na mwenzake Paul Anton walianzisha mkutano wa wanachuo wa kuisoma Biblia katika lugha zake za asili.

Walakini moyoni mwake hakuwa na amani. Mwaka 1687 alikwenda Lüneburg kuendelea na masomo, akaombwa kuhubiri. Alichagua maneno ya Injili ya Yohana, mlango wa 20, mstari wa 31, yasemayo juu ya kuamini na kuwa na uzima. Alipokuwa akitengeneza mahubiri, akatambua kwa hofu ya kuwa imani ile atakayowahubiri wengine, yeye mwenyewe hanayo. Aliifahamu Biblia yote, na bado alikuwa na shaka kama Mungu yuko. Akapiga magoti katika taabu yake, na huko Bwana akamjibu. Akainuka mtu mwingine. Tangu siku ile alijua ya kuwa elimu pasipo moyo mpya ni kama taa isiyo na mafuta.

Mwaka uliofuata, 1688, alirudi Hamburg, na huko akafanya jambo ambalo wasomi wa siku zile hawakulifanya: alikaa na watoto wadogo akawafundisha. Mtu wa chuo kikuu, mwenye Kiebrania na Kiyunani, alijikuta mbele ya watoto wasiojua herufi. Akaona ya kuwa elimu yake yote haimsaidii kumfahamisha mtoto mmoja, asipokuwa na saburi na upendo, na asipoijua njia. Akaona pia jinsi shule za siku zile zilivyoharibika, na ya kuwa waalimu wengi walitumwa kufundisha bila wao wenyewe kufundishwa kazi hiyo. Miezi ile michache ilikuwa seminari yake mwenyewe. Baadaye aliihesabu kuwa mwanzo wa yote aliyofanya.

3. MCHUNGAJI WA GLAUCHA

Baada ya kukaa kwa muda na Mchungaji Philipp Jakob Spener huko Dresden, alirudi Leipzig. Mafundisho yake ya Biblia yaliwavuta watu wengi, na kwa hiyo yakaleta fitina. Watu wakawaita yeye na wenzake Wapietisti, yaani wajifanyao wacha Mungu, na mikutano yake ikakatazwa. Alipokuwa mchungaji katika mji wa Erfurt mambo yakawa yale yale, na mwaka 1691 akafukuzwa katika mji.

Ndipo mlango ukafunguliwa huko Halle, katika nchi ya Brandenburg, ambako chuo kikuu kipya kilikuwa kikitengenezwa. Kwa msaada wa Spener, Francke aliitwa kuwa mwalimu wa Kiyunani na lugha za mashariki katika chuo hicho, na pamoja na hayo kuwa mchungaji wa Glaucha, kijiji kilichokuwa nje ya ukuta wa mji. Alifika mwanzoni mwa mwaka 1692.

Glaucha palikuwa mahali pa kuhuzunisha. Tauni ya miaka ya 1681 hadi 1683 ilikuwa imeua watu wengi na kuacha yatima. Kijiji kilikuwa na nyumba kama 200, na zaidi ya 30 katika hizo zilikuwa nyumba za pombe. Maskini walizoea kwenda nyumbani kwa mchungaji kila siku ya Alhamisi kuomba mkate. Francke hakuwapa mkate na kuwafukuza. Aliwaingiza ndani, wakubwa na watoto, akawauliza maswali ya katekisimo. Akaona ya kuwa hawajui chochote. Watoto walikua kama mbuzi wasio na mchungaji, maana wazazi hawakuwa na fedha ya kuwalipa waalimu.

4. SANDUKU LA SADAKA

Mwanzoni mwa mwaka 1695 alitundika sanduku la sadaka ndani ya nyumba yake. Wakati wa Pasaka mtu mmoja alitia humo thaler 4 na groschen 16. Wengi wangeziona kuwa fedha kidogo tu. Francke aliziona kuwa nyingi, akasema moyoni kwamba kwa fedha hizi lazima jambo jema lianzishwe, nalo ni shule ya maskini.

Siku ile ile alinunua vitabu kwa thaler 2, akamwajiri mwanachuo maskini mmoja awafundishe watoto saa mbili kila siku kwa mshahara wa groschen 6 kwa juma. Watoto walipewa vitabu 27 waende navyo nyumbani. Vilivyorudi ni 4 tu! Vingine viliuzwa, au vilichukuliwa na watoto waliokwenda zao wasirudi. Mtu mwingine angalisema: hawa hawafai, tuache. Francke alinunua vitabu vingine, ila safari hii watoto waliviacha shuleni baada ya masomo. Chumba cha shule kilikuwa kile kilichokuwa mbele ya chumba chake cha kusomea.

Jambo la ajabu likatokea. Wenyeji wenye mali kidogo walipoona jinsi maskini wanavyofundishwa vema, wakaomba watoto wao nao waingizwe, wakalipa ada. Mwaka ule ule wa 1695 watoto wa makabaila wakaletwa, na kwao ikaanzishwa shule iliyoitwa Paedagogium. Yatima nao wakapata makao. Ikafuata shule ya Kilatini kwa wavulana wa kuendelea na masomo ya juu, na mwaka 1698 shule ndogo ya wasichana. Hivyo katika miaka michache mahali pamoja palikuwa na watoto wa kila namna: mtoto wa ombaomba, mtoto wa fundi, mtoto wa mfanya biashara, mtoto wa kabaila.

Mwezi wa Julai 1698 liliwekwa jiwe la msingi la nyumba kubwa ya yatima. Francke hakuwa na fedha ya kuimaliza. Mara nyingi msimamizi alikuja kwake asubuhi akisema ya kuwa leo hakuna cha kuwalipa mafundi, na kabla ya jua kuchwa sadaka ikafika kutoka mahali pasipotazamiwa. Francke aliziandika habari hizo na kuzipiga chapa, na watu wa nchi nyingi wakazisoma. Lakini pamoja na kuomba alifanya kazi kwa akili: palikuwa na duka la dawa, duka la vitabu na kiwanda cha kupiga chapa, na faida yake iliwalisha yatima. Mwaka 1710 Bwana von Canstein alianzisha huko chama cha kupiga chapa Biblia kwa bei ndogo, ili maskini naye aweze kuinunua.

5. WAALIMU WATATOKA WAPI?

Sasa twafikia kiini cha habari yetu. Watoto walikuwa wengi, na waalimu je? Francke hakuwa na fedha ya kuwaajiri watu wazima wenye ujuzi. Alikuwa na wanachuo maskini wa chuo kikuu, waliosoma elimu ya Mungu huku wakiona njaa. Basi mwaka 1696 alifanya mpango: mwanachuo atapewa chakula cha bure mezani kwa yatima, naye kwa ajili ya chakula hicho atafundisha saa chache kila siku. Hivyo shida mbili zikaondolewa kwa dawa moja. Mwishoni wanachuo waliokula mezani pale walikuwa zaidi ya 200.

Lakini Francke alikumbuka Hamburg. Alijua ya kuwa mwanachuo mwenye njaa hawi mwalimu kwa kushiba tu. Kwa hiyo mpango ule aliuita seminari ya waalimu, naye akaufanya uwe seminari kweli. Waliwekwa waangalizi wa kuingia darasani, kutazama na kusikiliza. Waalimu walikutana kwa kawaida kila juma na mwangalizi wao, na hapo wakazungumza juu ya kazi: somo gani halikufahamika, mtoto gani amebaki nyuma, mwalimu gani amekasirika upesi. Kijana aliyekosea hakufukuzwa mara moja. Alionywa, akaonyeshwa, akajaribu tena. Kanuni za shule zilimkataza mwalimu kumwadhibu mtoto kwa hasira, zikamtaka awe kama baba.

Hata hivyo ilionekana upungufu mmoja. Wanachuo walifundisha kwa muda mfupi, na mara walipoanza kuiweza kazi, masomo yao yalikwisha wakaenda zao. Watoto wakapata mwalimu mpya asiyejua kitu, na kazi ikaanza tena tangu mwanzo. Ndipo mwaka 1707 Francke akaanzisha seminari ya pili, ya waalimu wateule. Hao walichaguliwa miongoni mwa wengine, wakalishwa na kufundishwa kwa miaka miwili, nao wakaweka ahadi ya kufundisha kwa miaka mitatu katika shule za juu za Halle. Hapo kazi ya mwalimu ilianza kuhesabiwa kuwa kazi yenye ujuzi wake, wala si daraja la kupitia tu kwenda kwenye usharika.

Tena akapata dawa ya shida ile tuliyoitaja mwanzoni, ya watoto wasiofanana. Katika shule nyingi za zamani mtoto aliwekwa katika darasa moja kwa masomo yote. Akiwa hodari katika Kilatini na mzito katika hesabu, alikwenda na wenzake wa Kilatini, na hesabu ikampita. Katika shule za juu za Halle mtoto alipimwa katika kila somo peke yake. Masomo ya namna moja yaliwekwa saa moja, ili mvulana aweze kukaa darasa la juu katika somo moja na darasa la chini katika somo jingine, bila aibu wala kupoteza wakati. Na mtoto maskini aliyeonekana kuwa na kipawa aliweza kutoka kwa yatima kuingia shule ya Kilatini, na hata kufika chuo kikuu. Hatusemi ya kuwa wote walihesabiwa sawa, maana makabaila walikuwa na shule yao, na mipaka ya vyeo vya siku zile ilikaa. Walakini waalimu wao walitengenezwa mahali pamoja, na mwenye kuwafundisha ombaomba hakuachwa bila uangalizi.

6. KITABU CHA UUMBAJI

Wako wanaodhani ya kuwa mtu wa maombi huichukia elimu ya dunia. Francke hakuwa hivyo. Aliamini ya kuwa Mungu amejionyesha katika Neno lake, na ya kuwa kazi za mikono yake nazo zafaa kutazamwa kwa adabu na kwa bidii. Basi alitaka watoto wasisome maneno tu, bali wavione vitu vyenyewe.

Katika Paedagogium walifundisha hesabu na elimu ya kupima, habari za nchi, na habari za nyota. Wakati wa mapumziko wavulana walijifunza kukereza mbao na kusugua vioo, na walipelekwa kuwatazama mafundi kazini mwao. Palikuwa na bustani ya mimea. Tangu mwaka 1698 Francke alianza kukusanya vitu vya ajabu vya dunia: mawe na madini, makombe ya bahari, wanyama waliokaushwa, vyombo vya watu wa nchi za mbali. Wageni na rafiki walivileta, vikawekwa katika chumba chao maalum, ili mwalimu asipate kusema tu habari za samaki au jiwe, bali amwonyeshe mtoto.

Katika mji ule ule alikuwako mchungaji mwingine, Christoph Semler, aliyependa sana vyombo vya elimu. Yeye alitengeneza mifano mikubwa ya mbingu, iliyoonyesha jinsi jua na sayari zinavyokwenda, nayo ikatumika katika shule za Francke. Karibu na mwaka 1708 Semler alifungua shule ndogo ya hesabu na ufundi kwa wavulana maskini. Mtoto ambaye kesho atakuwa seremala au mwashi alionyeshwa leo kipimo, mizani na mfano wa nyumba. Shule ile haikudumu miaka mingi, lakini wazo lake halikufa.

Yafaa tufikiri hapa. Hesabu na elimu ya vitu ni masomo ambayo mtoto maskini aweza kuyashika kwa mikono yake. Kilatini kilimtaka awe na vitabu na baba aliyesoma. Lakini kamba ya kupimia, mizani, jani la mti na kivuli cha jua havimwulizi mtoto kwao ni wapi. Mwalimu aliyefundishwa kuanza na kitu kionekanacho amepata mlango ambao watoto wote waweza kuuingia.

7. MAKOSA YAKE

Hatupendi kuandika habari za mtu kana kwamba hakuwa na dhambi. Francke alikuwa na makosa, na baadhi yake yahusu jambo hili hili tunalolieleza.

Kwanza, aliogopa michezo ya watoto. Aliamini ya kuwa mapenzi ya mtoto yapaswa kuvunjwa ili amtii Mungu, na ya kuwa mchezo ni mlango wa uovu. Kwa hiyo watoto wa Halle walikuwa chini ya macho ya wakubwa mchana kutwa, na mapumziko yao yalikuwa kazi nyingine. Alijua sana jinsi ya kuipima akili ya mtoto, lakini furaha yake hakuipa nafasi.

Pili, hakuwa tayari kuyapokea maarifa ya mataifa mengine. Mwaka 1706 wanafunzi wawili wa watu wa Halle, Ziegenbalg na Plütschau, walifika Tranquebar katika India ya kusini, wakitumwa na Mfalme wa Denmark. Ziegenbalg alijifunza Kitamil, akafungua shule, na mwaka 1713 akatunga kitabu cha kueleza dini na miungu ya watu wale, ili wahubiri wawafahamu wale wanaowafundisha. Francke hakutaka kipigwe chapa, akiona ya kuwa kazi ya mmisionari ni kuung'oa upagani, si kuueneza. Kitabu kile kilikaa bila kuchapwa mpaka mwaka 1867. Hasara hiyo ilikuwa kubwa, maana mwalimu asiyejua watoto wake wametoka nyumba gani hawezi kuwafikia.

Tatu ni habari ya Christian Wolff. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu cha Halle, mtu wa akili nyingi sana. Mwaka 1721 alitoa hotuba akiwasifu Wachina na mwalimu wao Confucius, kwamba walijua mambo mengi ya mwenendo mwema kwa akili tu. Waalimu wa elimu ya Mungu walikasirika, na aliyempinga kuliko wote ni Joachim Lange, lakini Francke naye alikuwa upande wao. Mashitaka yakafika kwa Mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza, na mwezi wa Novemba 1723 mfalme akamwamuru Wolff aondoke katika nchi kwa saa 48, la sivyo atanyongwa. Francke aliliona jambo hilo kuwa jibu la maombi yake.

Ni ajabu ya kuhuzunisha. Mtu aliyewafungulia watoto maskini mlango wa hesabu alifurahi kuona mtaalamu mkuu wa hesabu akifukuzwa. Yeye mwenyewe alikuwa amekatazwa mikutano yake Leipzig na kufukuzwa Erfurt kwa ajili ya mafundisho yake, na hakukumbuka. Mwaka 1740, baada ya Francke kufa, mfalme mpya alimwita Wolff, naye akarudi Halle kwa heshima. Basi tujifunze ya kuwa mtu aweza kuwa na bidii kwa Bwana, na bado akamdhulumu mwenzake. Tusiyafiche hayo, maana Biblia nayo haikuficha makosa ya Daudi na ya Petro.

8. KUFA KWAKE NA MATUNDA YA KAZI YAKE

Francke alikufa tarehe 8 Juni 1727, akiwa na miaka 64, akazikwa Halle. Wakati huo shule zake zilikuwa na watoto zaidi ya 2,000, wavulana kwa wasichana, na waalimu zaidi ya 100. Yote yalianza kwa thaler 4 na groschen 16.

Lakini tunda kubwa si majengo. Tunda kubwa ni waalimu waliotoka pale wakatawanyika. Mmoja wao ni Johann Julius Hecker, aliyefundisha katika Paedagogium baada ya Francke kufa. Huyu alipokuwa mchungaji Berlin, mwaka 1747 alianzisha shule ya kufundisha hesabu, elimu ya vitu na ufundi, na mwaka 1748 akaongeza chuo cha waalimu. Wazo la Semler likainuka tena. Mwaka 1763 Hecker alitunga kanuni ya shule za mashamba kwa nchi yote ya Prussia. Mwanafunzi mwingine wa Paedagogium alikuwa Bwana von Zinzendorf, kiongozi wa Ndugu wa Herrnhut, ambao wamisionari wao walifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1891.

Na sisi Walutheri wa upande wa kaskazini, nasi tumeguswa na mkono huu. Kazi ya Tranquebar iliyosaidiwa na Halle baadaye ilipokewa na Misioni ya Leipzig, na watu wa misioni hiyo hiyo walifika Machame, chini ya mlima Kilimanjaro, mwaka 1893. Wakajenga shule, na mwaka 1912 chuo cha waalimu kikafunguliwa Marangu. Kwa hiyo mzee wetu aliyeshika chaki kwa mara ya kwanza katika shule ya kijiji alikuwa mjukuu wa mbali wa chumba kile kidogo cha Glaucha.

9. MAFUNDISHO KWETU

Wapendwa waalimu na wainjilisti, tuseme nini juu ya hayo? Twaona mambo manne.

La kwanza, mwalimu hutengenezwa. Kuijua hesabu si kujua kuifundisha. Kijana aliyefaulu mtihani ahitaji mwenzake mzee aketi nyuma ya darasa lake, amsikilize, kisha amwambie kweli kwa upole.

La pili, waalimu na wakutane. Wale wa Halle walikutana kila juma wakataja waliyoshindwa. Mwalimu aifichaye shida yake huendelea kuwa nayo, na watoto ndio wailipao.

La tatu, kila mtoto na apimwe katika kila somo. Aliye mzito katika kuzidisha na kugawanya huenda akawa wa kwanza katika kuitambua mimea na ndege. Tusimpe jina la mjinga kwa ajili ya somo moja.

La nne, tuanze na kitu. Mawe ya kuhesabia, kipimo cha uzi na mbegu iliyooteshwa katika kikombe havihitaji fedha nyingi. Aliyeanza na vitabu 27, na vikarudi 4, hakungoja mpaka apate vyote.

Na pale Francke alipokosea, sisi tusimfuate. Tuwaache watoto wacheze. Tuzisikilize habari za nyumba walizotoka. Wala mwenye elimu tusiyoifahamu tusimfukuze kwa hofu. Mungu aliyeziumba nyota na hesabu zake hawezi kuharibiwa na mtu azihesabuye.

Bwana awabariki wote washikao kazi ya kufundisha katika sharika zetu.